Watunzi wanne, bendi moja: wimbo uwe wa nani?

Swali. *Tuko wanne hapa Nairobi, kila mmoja anatoka bendi yake ya rock na kila mmoja anatunga. Tunataka kuunda bendi moja ya pamoja bila kuacha zile tulizonazo. Baba yangu alituachia santuri za Crosby, Stills, Nash & Young na kanda ya Traveling Wilburys, nasi tumezisikiliza mpaka tumezikariri. Nimesoma kwamba wale wa kwanza walisambaratika mara kwa mara, na wale wa pili hawakugombana lakini nao hawakufika mbali. Kwa nini? Na sisi tuandikeje majina kwenye nyimbo: kila mtu wake, au sote pamoja?*

Jibu. Ndugu yangu, umeuliza mawili lakini jibu lake ni moja. Makundi hayo yalikutana na suala lilelile, wimbo ni wa nani, yakalijibu kwa njia mbili zinazopingana, na kila moja likavuna lilichopanda. Nitakueleza walivyofanya, halafu nikwambie mimi ningefanyaje kama ningekuwa mmoja wenu.

Kwanza tusichanganye mambo. Yako makundi ya magwiji yaliyoundwa na wapigaji. Blind Faith ya mwaka 1969 ni mfano wake: Eric Clapton na Ginger Baker kutoka Cream, Steve Winwood kutoka Traffic, Ric Grech kutoka Family. Albamu moja, ziara moja, kwisha habari. Kundi la watunzi ni jambo jingine. Mpigaji akihamia bendi mpya huja na mikono yake. Mtunzi huja na daftari, na ndani ya daftari hilo mna nyimbo ambazo zina mwenyewe kabla bendi haijapata hata jina.

Watazame wale watatu wa mwanzo. David Crosby alikuwa na The Byrds ya Los Angeles hadi Oktoba 1967, alipofukuzwa. Sababu zilikuwa nyingi, na mdomo wake ulikuwa mojawapo, lakini kulikuwa pia na wimbo wake "Triad", unaozungumzia mapenzi ya watu watatu, ambao wenzake hawakuutoa huku wakirekodi "Goin' Back" wa Gerry Goffin na Carole King, watunzi wa nje. Graham Nash alikuwa The Hollies ya Manchester, bendi iliyozoea kutoa vibao mfululizo. Wimbo wake "King Midas in Reverse" wa mwaka 1967 haukupanda kama ilivyotarajiwa, na tangu hapo wenzake wakawa hawamwamini akija na kitu kigeni. "Marrakesh Express" hawakuutaka. Wakati yeye ana daftari limejaa, wao walikuwa wanapanga albamu nzima ya nyimbo za Bob Dylan. Akaondoka Desemba 1968. Stephen Stills alitoka Buffalo Springfield, bendi iliyodumu kama miaka miwili tu, kuanzia 1966 hadi Mei 1968, na iliyokuwa na watunzi watatu wakigombea santuri moja: yeye, Neil Young na Richie Furay.

Kwa hiyo kila mmoja alikuja na nyimbo zilizokataliwa au zilizobanwa mahali fulani. Bendi yao mpya ilizaliwa ili mtu asikataliwe wimbo tena. Hilo ndilo lililoipa albamu ya kwanza utamu wake, na kwa maoni yangu ndilo pia lililoifanya isikalike. Bendi ambayo hakuna anayekataliwa wimbo ni bendi ambayo hakuna mwenye mamlaka ya kukataa.

Kuhusu Nash kuna jambo ambalo wengi hulipita, nalo linakuhusu moja kwa moja. Ndani ya The Hollies alikuwa ameshaishi na ule mtindo wa "sote pamoja" unaouliza. Yeye, Allan Clarke na Tony Hicks mwanzoni walitumia jina moja la kubuni, L. Ransford, kwa tungo zao zote, halafu wakaanza kuandika majina yao matatu kwa pamoja. "King Midas in Reverse" aliutunga yeye peke yake, lakini kwenye lebo ya santuri mna majina matatu. Ulipofanya vibaya, lawama zikawa za mtu mmoja. Mtu aliyepitia hayo, ukimwambia tena tugawane sifa, atakusikiliza kwa heshima kisha aende zake.

Walikutana katikati ya mwaka 1968 huko Laurel Canyon, vilima vilivyo juu ya Hollywood. Crosby na Nash walisema ilikuwa nyumbani kwa mwimbaji Joni Mitchell, Stills akashikilia kuwa ilikuwa kwa mwimbaji mwingine, Cass Elliot, na hawakuwahi kukubaliana. Linalokubalika ni hili: Crosby na Stills waliimba wimbo wa Stills, "You Don't Have to Cry", kwa sauti mbili. Nash akawaomba waurudie. Wakarudia. Akaomba tena, na mara ya tatu akaingia na sauti ya juu ambayo hakuna aliyemfundisha. Wimbo ule uko kwenye albamu yao ya kwanza, kausikilize kwa spika za masikioni. Zile sauti tatu zimebanana mpaka ni kazi kujua ipi ni ya nani. Huo ndio mtaji waliokuwa nao, kwani walikutana kwenye sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha yakaja makaratasi. Walikwenda London, wakawaimbia watu wa Apple, kampuni ya Beatles, George Harrison akiwa miongoni mwa waliowasikiliza, wakakataliwa. Crosby alikuwa huru. Stills alikuwa bado na mkataba wa kampuni ya kurekodi ya Atlantic tangu Buffalo Springfield. Nash alifungwa na Epic, tawi la CBS. Naye Furay, yule wa Buffalo Springfield, alikuwa ameunda bendi yake ya Poco na bado yuko chini ya Atlantic. Ikafanyika biashara kama ya klabu mbili za soka zinazobadilishana wachezaji: Furay na Poco waende Epic, Nash aje Atlantic. David Geffen, aliyekuwa wakala kijana wakati huo, na Ahmet Ertegun, bosi wa Atlantic, ndio walioimaliza. Nakutajia haya kwa sababu umeandika kwamba mtaunda bendi "bila kuacha zile tulizonazo", kama vile ni suala la hiari yenu. Kama yupo kati yenu aliyesaini karatasi na kampuni yoyote ya kurekodi, kaisomeni kabla hamjagusa gitaa.

Jina nalo lilikuwa uamuzi wa biashara. The Byrds waliendelea bila Crosby, na The Hollies wakaendelea bila Nash, kana kwamba hakuna aliyetoka. Hawa wakasema safari hii bendi itaitwa majina yetu ya ukoo, ili hakuna atakayeng'olewa na mwingine kuwekwa mahali pake. (Picha ya jalada ilipigwa kabla jina halijakamilika, wamekaa kwenye kochi kuukuu mbele ya nyumba isiyo na mtu, kwa mpangilio wa Nash, Stills, Crosby. Waliporudi kuirudia ili wakae kwa mpangilio wa jina, nyumba ilikuwa imeshabomolewa. Ndiyo maana mpaka leo jalada halilingani na jina.)

Sasa hesabu. Albamu ya *Crosby, Stills & Nash* ilitoka Mei 1969 ikiwa na nyimbo 10. Nne ni za Stills peke yake, tatu za Nash, mbili za Crosby. Wa kumi ni "Wooden Ships", uliotungwa na Crosby na Stills pamoja na Paul Kantner wa Jefferson Airplane. Sheria ya Marekani ya wakati ule, iliyokuwapo tangu 1909, iliweka kiwango cha senti 2 za dola kwa kila wimbo katika kila nakala inayouzwa. Kiwango hicho hakikubadilika mpaka 1978. Haijalishi wimbo ni kibao cha redioni au ni ule ambao watu huuruka. Tuchukue mfano wa nakala milioni moja: kila wimbo unaleta dola 20,000 upande wa utunzi, zinazogawanywa kati ya mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki za tungo zake. Nyimbo nne ni 80,000. Nyimbo mbili ni 40,000. Hizi ni mbali na mirabaha ya kurekodi, ambayo bendi hugawana kwa makubaliano yake.

Umeona kilipojificha kisu? Watu wanaweza kusimama jukwaani sawa kwa sawa, wakagawana kiingilio sawa kwa sawa, lakini kila wimbo unaoingia kwenye santuri una bahasha yake ya pembeni. Kwa hiyo mjadala wa "wimbo gani ni mzuri" hauwezi kuwa mjadala wa muziki peke yake, hata kama wote mezani ni watakatifu. Na santuri ilikuwa na mpaka wake, dakika kama 20 kila upande.

Kwenye albamu ile ya kwanza Stills hakulalamikiwa, kwa sababu alikuwa ameibeba mgongoni. Alipiga besi, ogani na sehemu kubwa ya magitaa, na Dallas Taylor akakaa kwenye drams. Lakini mtu aliyejirekodi besi, ogani na gitaa hawezi kuvipiga vyote kwa wakati mmoja jukwaani. Ilibidi waongeze mtu. Ertegun akampendekeza Neil Young, yuleyule ambaye Stills alikuwa akisukumana naye Buffalo Springfield. Walimtaka kama mpigaji. Young akasema atakuja jina lake likiongezwa kwenye jina la bendi, awe na haki sawa na wao, na aendelee na bendi yake ya Crazy Horse pamoja na mkataba wake wa kampuni ya Reprise. Akapewa vyote.

Hapo mimi ndipo ninapomsifu Young kwa akili na kuwasikitikia wenzake. Kati ya wanne, yeye peke yake alikuwa na kwao pengine. Mtunzi mwenye nyumba mbili huamua kila wimbo ulale wapi, na wenye nyumba moja hupokea kile alichowaachia. Kumbukeni hili, maana ninyi wote wanne mtakuwa na nyumba mbili.

Mwezi Agosti 1969 walicheza kwenye tamasha la Woodstock, alfajiri, likiwa onyesho lao la pili tu mbele ya watu, na Young akakataa kamera zimpige. Albamu ya *Déjà Vu* ikatoka Machi 1970, ikashika namba 1 Marekani. Ichukue ile santuri ya baba yako uhesabu: Crosby nyimbo mbili, Nash mbili, Stills mbili, Young mbili, mmoja wa Stills na Young kwa pamoja, na "Woodstock" wa Joni Mitchell. Kumi. Hapo hakukuwa na mtu aliyekaa akachagua nyimbo bora, huo ni mgao. Ukisikiliza bila kuangalia majina utagundua kwamba mara nyingi hata bendi haipo: "4 + 20" ni Stills na gitaa lake, "Almost Cut My Hair" ni Crosby akiimba peke yake bila kuitikiwa, na Young hasikiki kabisa kwenye baadhi ya nyimbo. Ni albamu nzuri. Ila ni wapangaji wanne chini ya bati moja, ilhali albamu ya kwanza ilikuwa familia.

Kuna mara moja tu waliposhinda hesabu hiyo. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa Walinzi wa Taifa waliwapiga risasi wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, wakafa. Young aliziona picha kwenye jarida, akatunga "Ohio". Mnamo tarehe 21 Mei walikuwa studio, wakaurekodi pamoja, wote wanne kwa mpigo, na mwezi uliofuata ulikuwa mitaani. Tatizo ni kwamba wakati huo "Teach Your Children" wa Nash ulikuwa unapanda chati, na kutoa kibao kingine ni kuukata miguu. Nash mwenyewe ndiye aliyesema utolewe. "Ohio" ulifika namba 14, wa kwake ukaishia 16. Nimewahi kuwasikia watu wakisema bendi ile haikuwa na moyo wa pamoja, nami huwajibu kwa kisa hiki. Moyo walikuwa nao. Walichokosa ni utaratibu wa kuutumia siku ambazo hakuna aliyeuawa.

Mwezi Julai 1970 walikuwa wameachana. Kati ya Septemba mwaka ule na Mei 1971 kila mmoja alitoa albamu yake mwenyewe: Young *After the Gold Rush*, Stills albamu yenye jina lake, Crosby *If I Could Only Remember My Name*, Nash *Songs for Beginners*. Zote nne ziliingia 15 bora za Marekani. Waandishi huzitaja kama matunda ya kuvunjika. Mimi nazisoma kinyume chake: nyimbo zile zilikuwapo tayari, zinasubiri, na bendi yenye nafasi mbili kwa mtu isingeweza kuzibeba. Madaftari yalifurika.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Walirudiana 1974 kwa ziara ya viwanja vikubwa iliyoishia Wembley mwezi Septemba bila albamu mpya. Mwaka 1976 Stills na Young walikuwa Miami wakirekodi, wakawaita Crosby na Nash waje waimbe. Hao wawili walipolazimika kuondoka kwenda kumaliza kazi yao wenyewe, sauti zao zikafutwa kwenye mkanda, na *Long May You Run* ikatoka kwa majina mawili. Ziara ya albamu hiyo nayo Young aliikatisha katikati, akamwaga Stills kwa telegramu. Bado walirudiana tena, watatu au wanne, 1977, 1988, 1999, 2006. Crosby alifariki Januari 2023. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na neno lako kwamba "walisambaratika". Watu waliokuwa wakirudi kwenye meza ileile kwa zaidi ya miaka 40 hawakusambaratika. Hawakukaa tu.

Sasa Traveling Wilburys, ambao walifanya kila kitu kinyume.

Aprili 1988 George Harrison alihitaji wimbo mmoja wa upande wa pili wa santuri ndogo. Alikuwa Los Angeles na Jeff Lynne wa Electric Light Orchestra, aliyekuwa mtayarishaji wake, na Lynne alikuwa pia anafanya kazi na Roy Orbison. Studio ya haraka haikupatikana, wakampigia Bob Dylan, ambaye alikuwa na vifaa kwenye gereji yake Malibu. Gitaa la Harrison lilikuwa kwa Tom Petty, akapitia kulichukua, na Petty akaja nalo. Maneno "Handle with Care" yalikuwa yameandikwa kwenye boksi pale gereji. Wimbo ulipofika kampuni ya Warner, wakubwa walisema huu si wa upande wa pili, tengenezeni albamu. Mwezi Mei wakakaa siku kama kumi nyumbani kwa Dave Stewart wa Eurythmics, maana Dylan alikuwa na ziara iliyokuwa inaanza Juni. Oktoba ikatoka, ikafika namba 3 Marekani, ikapata Grammy.

Harrison huyu ndiye yule aliyekulia kwenye mgao mkali kuliko wote. Ndani ya Beatles nyimbo za John Lennon na Paul McCartney ziliandikwa majina yote mawili hata pale mmoja alipotunga peke yake, na yeye kwa kawaida akabaki na nafasi moja au mbili kwa albamu. Beatles walipoachana alitoa *All Things Must Pass* ya santuri tatu, mwaka 1970. Miaka 18 baadaye alipopata bendi ya kuiongoza mwenyewe, alifuta majina yote. Yeye akawa Nelson, Lynne akawa Otis, Dylan Lucky, Orbison Lefty, Petty Charlie T. Jr., wote ukoo wa Wilbury, na nyimbo zote kumi zikaandikwa "Traveling Wilburys".

Wengi huishia hapo na kusema huo ndio udugu. Soma maandishi madogo. Kila wimbo umewekewa kampuni ya uchapishaji, na kampuni hizo ni za mtu mmojammoja: "Handle with Care" uko chini ya kampuni ya Harrison, "Tweeter and the Monkey Man" chini ya kampuni ya Dylan. Sifa waligawana mbele ya watu, lakini umiliki ulifuata aliyeutunga zaidi. Naona huo ndio uungwana wenye macho. Hakuna aliyedanganywa, na msikilizaji hakupewa nafasi ya kuhesabu nani ana ngapi.

Na walikuwa na kiranja. Harrison na Lynne ndio watayarishaji, neno la mwisho ni lao. Sikiliza "Handle with Care" ulivyojengwa: Harrison anaimba beti, kisha wimbo unapanda na kumpa Orbison kipande kilichokatwa kwa kipimo cha koo lake, halafu Dylan na Petty wanaingia kwa pamoja. Aliyeupanga alijua nani ana sauti gani. Kwenye *Déjà Vu* mtu alileta wimbo wake na wenzake wakautafutia cha kufanya. Hapa wimbo ulitungwa kwa kuwatazama usoni.

Kwa nini basi hawakufika mbali? Orbison alifariki tarehe 6 Desemba 1988, wiki chache baada ya albamu kutoka. Hawakumtafutia mbadala. Walitoa nyingine 1990, wakaiita *Vol. 3* kwa utani, kwa kuwa ya pili haipo, na haifikii ile ya kwanza. Hawakuwahi kufanya ziara hata moja. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa anaitegemea bendi ile kwa riziki. Kila mmoja alikuwa na jina, mkataba na mashabiki pengine, na nyimbo zake nzito alizibakiza kwake. Amani yao ilitokana na kutohitajiana. Ninyi hamna anasa hiyo.

Kwetu tumezoea namna ya tatu. Kwenye muziki wa dansi, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na ndiye anayewang'oa watu kwa wenzake: mwaka 1985 Dar es Salaam, Hugo Kisima alichukua wanamuziki wa Mlimani Park akaunda International Orchestra Safari Sound. Huko mtunzi akigoma, tajiri ana vyombo vyake. Nanyi sijui vyombo ni vya nani, lakini kama drams na vikuza sauti ni vya mmoja wenu, hilo nalo ni kura ambayo haijatajwa.

Basi ningefanyaje? Majina ningeandika ya waliotunga kweli, wimbo kwa wimbo. "Sote pamoja" hupendeza siku ya kwanza na huanza kuuma siku ambayo mmoja ataleta kibao na mwingine hajaleta mstari. Lakini singeacha pesa zote zimfuate mtunzi. Ningetenga fungu la mirabaha ya kila wimbo, tuseme robo, liwe la bendi nzima, kwa sababu ule mstari wa besi uliougeuza wimbo haupati chochote kwenye karatasi ya utunzi na kila mtu chumbani anajua ulifanya nini. Fungu hilo litawapa wote wanne sababu ya kuusukuma wimbo wa mwenzao. Mkisharekodi, andikeni mgawanyo siku hiyohiyo kabla hamjatoka studio, asilimia na sahihi, kisha mzisajili kazi zenu KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa majina hayohayo. Wimbo ukiingia Skiza, ile huduma ya miito ya simu, na pesa zikaanza kudondoka ndipo kumbukumbu za watu huanza kutofautiana.

Kisa cha "Wooden Ships" ndicho ninachowaonyesha wasanii wanaosema watayaweka sawa baadaye. Kantner alikuwa na mgogoro wa kisheria na meneja wake wa zamani, akaomba jina lake lisiwekwe ili wimbo usikwame. Albamu ikatoka ikiwa na majina mawili, na ilibidi jina la tatu lirudishwe baadaye. Huyo alikuwa na marafiki waaminifu.

Mteueni mmoja awe na neno la mwisho kuhusu nyimbo zipi zinaingia, kwa kila kazi mtakayotoa, na abadilike kazi inayofuata. Yeye asiwe na zaidi ya nyimbo mbili humo. Mgao wa sawa kwa sawa msiuweke, ila wekeni kiwango cha juu, ili mwenye nyimbo dhaifu asilazimike kujaza nafasi yake kwa kuwa tu ni haki yake. Na kuhusu zile bendi zenu za zamani: kubalianeni kwamba wimbo ukishaletwa mezani na kufanyiwa mazoezi na wote, hautarekodiwa kwingine kwa muda fulani, miezi sita au mwaka. Mkiacha wazi, nyimbo nzuri zitalala kwingine na hapa mtabaki na mabaki. Mtu akitoka, aondoke na utunzi wake, kwa kuwa ni wake. Rekodi iliyofanywa na wote ibaki ya wote.

Limebaki jina, ambalo hukuliuliza. Majina yenu manne msiyaweke kwenye bango, maana hakuna anayeyajua bado, na la kubuni pia halina maana kwa mtu ambaye hana jina la kuficha. Tafuteni jina la bendi, kisha muandike ni la nani na nani anaweza kulitumia akibaki peke yake. Crosby, yuleyule aliyehakikisha bendi yake ya pili haiwezi kuendelea bila yeye, mwaka 1989 alijikuta mahakamani pamoja na Roger McGuinn na Chris Hillman, wenzake wa The Byrds, wakijaribu kumzuia Michael Clarke, mpiga drams wao wa zamani, asizunguke na bendi iliyoitwa The Byrds. Walishindwa kupata zuio, na Clarke akaendelea kupiga kwa jina hilo.